Baada ya Kishindo

Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, neno "gaidi" lilikuwa la hadithini. Gaidi alikuwa mnyang'anyi wa porini mwenye panga, anayewavizia wafanyabiashara njiani na kuwapora mizigo yao. Nasi tulipokwenda kufundisha tulilifundisha hivyo hivyo, na mtoto aliyeambiwa alitungie sentensi aliitunga bila kuogopa chochote. Leo ukimtajia mtoto wa Darasa la Tatu neno hilo, anafikiria bomu. Sikumbuki neno jingine lililobadilika maana mbele ya macho yangu kwa haraka namna hiyo, na kwetu sisi wa Dar es Salaam naweza kuitaja siku lilipoanza kubadilika. Ni Ijumaa, tarehe 7 Agosti, 1998.

Yaliyotokea siku ile yanajulikana, kwa hiyo nitayapitia upesi. Baada ya saa nne na nusu asubuhi, magari mawili yaliyosheheni baruti yalilipuka katika miji miwili kwa kupishana dakika chache, moja kwenye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi na jingine kwenye ubalozi wa nchi hiyo hiyo uliokuwa Oysterbay, hapa kwetu. Nairobi walikufa watu 213, na Dar es Salaam 11. Katika jumla hiyo ya 224, Wamarekani walikuwa 12, nao wote walifia Nairobi. Waliobaki walikuwa makarani, walinzi, wapita njia, abiria, wanafunzi wa uhazili. Hapa kwetu madhara yangalikuwa makubwa zaidi kama si boza la maji lililokuwa limesimama langoni, likawa ngao kati ya lile gari na jengo.

Mimi sitaki kuandika habari za mabomu. Wauaji wameshaandikiwa mno, na wakubwa nao hawakosi waandishi. Nataka kuandika juu ya watu wa kawaida, namna walivyokuwa saa ile na siku zilizofuata, kwa kuwa mimi nilikuwa katikati yao nikiwa na watoto zaidi ya mia sita mikononi mwangu.

Shule niliyokuwa nikiiongoza ilikuwa Kinondoni, kilometa chache tu kutoka Oysterbay. Kishindo kilitukuta wakati wa uji. Vumbi lilidondoka kutoka darini, kunguru wakaruka wote kwa pamoja, watoto wakacheka, kisha wakanyamaza. Nimeona tangu siku ile kwamba jambo la kwanza watu wanalofanya ni kukipa kishindo jina la kitu wanachokijua. Mpishi wa uji alisema ni tairi la lori. Mwalimu wa zamu alisema ni baruti za machimbo ya mawe ya Kunduchi, na akaongeza kwamba siku hizi wanazidisha. Mlinzi wetu, mzee aliyepigana vita vya Kagera, hakusema kitu. Aliweka rungu lake chini na kutazama angani kwa muda mrefu. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na jina sahihi, naye hakulitoa.

Jambo la pili ni kukimbilia kutazama. Watoto walikwea ukuta ili waone moshi, na baadhi ya walimu, watu wazima wenye vyeti, wakasimama juu ya madawati. Siwacheki. Nairobi ilikuwa hivyo hivyo, na kule jambo hilo liligharimu sana. Kwanza kulisikika mlio mdogo, kwa kuwa wale watu waliwarushia walinzi guruneti. Watu waliokuwa maofisini katika majengo ya jirani wakainuka vitini na kwenda madirishani kuangalia kuna nini. Ndipo bomu lenyewe likalipuka, na vioo vikawarukia usoni. Waliojeruhiwa Nairobi walizidi 4,000, na wengi miongoni mwao waliumia macho. Wako waliopofuka kabisa wakiwa bado wameshika kalamu. Madarasa yetu hayakuwa na vioo. Yalikuwa na matofali ya matundu, kwa sababu ya ufukara wa shule, na sikuwahi kuyalalamikia tena. Kuanzia Jumatatu iliyofuata niliwafundisha watoto mstarini kwamba ukisikia mlio usioujua, ondoka dirishani ulale chini. Wakubwa wangu wa elimu hawakuniagiza, na halikuwamo katika muhtasari wowote.

Kisha watu hukimbilia waliko watu wao. Kufikia saa sita wazazi walikuwa wamejaa uwanjani, kina mama wengine na kanga moja tu, mmoja na kandambili mguu mmoja. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba mtoto hatolewi ila kwa mzazi wake mwenyewe, baada ya kuweka sahihi daftarini. Mama mmoja akaniambia, "Mwalimu, nachukua na wa jirani, mama yake yuko kazini mjini." Nikamwuliza ni wangapi. Akaanza kuwahesabu kwa kuwashika vichwa. Katika daftari la siku ile yamo majina tisa mbele ya sahihi moja, na mbele ya sahihi nyingine majina sita, na wala hakuna mtoto aliyepotea.

Usiku tulisikia redioni habari za Nairobi. Watu walikuwa wanafukua kifusi kwa mikono mitupu, matatu zilikuwa zinabeba majeruhi kupeleka hospitali bila nauli, na misururu ya watu ilikuwa imejipanga kutoa damu. Wengi walistaajabu. Mimi sikustaajabu sana. Mtu akimwona mwenzake anavuja damu hamwulizi dini wala kabila; mkono unatangulia kabla ya fikira. Siku ya kwanza si kipimo. Mimi niliogopa wiki ya pili, na wiki ya pili ilifika.

Magazeti yalianza kuandika juu ya watuhumiwa. Watu wakakamatwa. Tarehe 20 Agosti Marekani ikarusha makombora Sudan na Afghanistan, na barazani kukawa na mabishano ya usiku kucha. Lakini lililotuingia moyoni ni pale ilipokuja kujulikana kwamba bomu la Dar es Salaam liliandaliwa katika nyumba ya kupanga Ilala. Ilala! Sisi watu wa Uswahilini tunajisifu kwamba jirani akikaanga dagaa tunajua ni wa shilingi ngapi. Na hapa palikuwa na watu waliosaga baruti ndani ya ua, wakatoka, wakasalimia, wakasalimiwa.

Basi macho yakabadilika. Mwenye ndevu na kanzu alitazamwa mara mbili. Mtu wa Visiwani alitazamwa, na mwenye damu ya Kiarabu hata kama babu yake alizaliwa Kariakoo. Mpangaji mpya akaulizwa maswali na watu wasio na mamlaka ya kuuliza. Jambo la kusikitisha ni kwamba katika wale 11 waliokufa hapa mjini, majina ya Kiislamu na ya Kikristo yalikuwa pamoja, na misiba ilikaliwa na watu wa dini zote kama ilivyo desturi. Mtu aliweza kutoka msibani Jumamosi na kumtilia shaka muuza duka Jumapili.

Karibu na shule kulikuwa na duka la mzee mmoja mwenye asili ya Kiarabu, aliyetuuzia madaftari na chaki. Kwa siku nne au tano wateja walipungua hata akawa anakaa mlangoni akisoma gazeti lile lile. Siku ya sita fedha za watu zikaanza kwisha. Mishahara ilikuwa mbali, na katika mtaa mzima hakuna mwingine aliyekopesha unga. Nikawaona wanarudi mmoja mmoja jioni, wakiangalia chini, kila mmoja na kile kijitabu chake cha deni. Naye aliandika kama alivyokuwa akiandika siku zote.

Katika wiki hizo hizo akaja ofisini mama wa mwanafunzi wa Darasa la Saba.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba, mama. Karibu kiti."

Alikaa ukingoni mwa kiti. Akasema anaomba mwanawe ahamishiwe mkondo mwingine. Nikauliza sababu. Akauliza yeye: mwalimu wa Hisabati ni mtu wa wapi?

"Ni wa Pemba. Hilo umelijua tangu mwanao yuko la Tano."

"Nilikuwa najua, Mwalimu. Nilikuwa sijafikiri."

Nilimkumbusha kwamba alipofiwa na mumewe, mwalimu huyo ndiye aliyezungusha daftari la rambirambi, akaenda mpaka makaburini na kusimama juani tangu mwanzo wa ibada hadi mwisho, ijapokuwa maziko yalikuwa ya Kikristo. Akaniambia, "Yote nayakumbuka. Lakini usiku silali." Jibu hilo nililiheshimu, na hadi leo naliheshimu. Hakuwa mwanamke mbaya, wala hakuwa amesahau fadhila. Hofu haiondoki kwa kukumbushwa mema, na wale wanaodhani hotuba moja itawaondolea watu hofu hawajakaa na watu walioogopa.

Nikamweleza hali ilivyo. Mikondo yote ya Darasa la Saba inafundishwa Hisabati na mwalimu huyo mmoja. Hatuna mwingine. Mtihani wa taifa uko mlangoni.

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna."

Akafikiri kidogo. "Basi abaki," akasema, akaaga.

Nimeyatafakari sana mambo haya mawili, la duka na la Hisabati, kwa kuwa yananisumbua. Ningependa kusema kwamba mtaa wetu uliokolewa na upendo, au na mafundisho ya ujamaa tuliyoyaimba kwa miaka mingi. Niliyoyaona ni kwamba tulihitajiana kwa vitu vidogo vidogo, unga wa mkopo na sehemu za desimali, na hivyo hapakuwa na nafasi ya mtu kumtenga mwenziwe kwa muda mrefu bila kujitenga yeye mwenyewe. Msomaji anaweza kusema huo ni wema wa rejareja. Na iwe hivyo. Nimeona mahali ambapo haukuwapo. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi kadhaa nchini Kenya, Wasomali kwa maelfu walizolewa Eastleigh, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani, wakiwamo wazee na watoto. Sisemi sisi ni bora kuliko Wakenya. Wao wamepigwa mara nyingi kuliko sisi, Westgate mwaka 2013, kisha Garissa mwaka 2015 walikouawa watu 148. Sijui mtaa wetu ungekuwaje baada ya kishindo cha tatu au cha nne.

Yule mwalimu wa Hisabati aliendelea kufundisha. Mwaka 1999, redio ya ofisi ya walimu ilipotaja kwamba Khalfan Khamis Mohamed, kijana wa Zanzibar, amekamatwa Cape Town, sote tuliinamia madaftari. Yeye akasema bila kuinua kichwa, "Simjui. Ila naona mnavyojitahidi kutonitazama." Tukacheka, na baada ya hapo hewa ikawa nyepesi. Kijana huyo alihukumiwa kifungo cha maisha New York mwaka 2001.

Mwenzangu huyo alistaafu akarudi kwao Pemba. Miaka mingi baadaye, tukizungumza kwa simu, nilimsimulia habari ya yule mama. Akasema, "Mzee, karani aliniambia siku ile ile." Na kumbe aliendelea kumfundisha binti yule na kumpa adhabu kama wenziwe asipofanya kazi ya nyumbani.

Mwezi Januari 2016 yeye ndiye aliyenipigia. Alikuwa amesikia kifo cha mwalimu mmoja wa Kenya, naibu mwalimu mkuu. Mwezi uliotangulia, basi lenye abiria zaidi ya 60 lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa na watu wenye silaha, wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Kina mama walikuwa wamewavisha wenzao Wakristo mitandio yao. Mwalimu huyo, Mwislamu, alipigwa risasi katika sakata hilo, na baadaye akafariki hospitalini.

Nilimwuliza mwenzangu kama yeye angeweza. Akanyamaza, nikadhani simu imekatika.

"Safari ile ni ndefu mno," akasema. "Wale walikuwa wameshagawana maji na ndizi siku nzima. Ungemtoaje mtu uliyemshikia mtoto wake?"

Kisha akaniuliza embe zimekuwa bei gani Dar es Salaam mwaka huu.