Siku saba kwa tanga, kumbe hatujui kuogelea!

Msomaji wangu, kama na wewe una washikaji wanaopenda kujirusha, hii itakuhusu. Ilianza kama utani, Jumamosi moja jioni Mbagala, tukisubiri chipsi. Mmoja wetu, fundi simu, akasema amechoka kuona wageni ndio wanaofaidi visiwa vyetu, huku sisi tuliokulia kando ya bahari tunaishia kula mihogo ya Coco Beach. Tukagongeana mikono. Hapohapo tukaamua: wiki nzima, kwa tanga, kisiwa hadi kisiwa, Mafia. Watu sita, kila kichwa Sh 250,000. Mimi nikapewa uweka hazina, eti kwa sababu ninaandika magazetini.

Mpango ulikuwa mtamu kwenye karatasi. Gari kutoka Rangi Tatu hadi Nyamisati, boti hadi Kilindoni, halafu tuvuke kisiwa hadi Utende tukapande mashua. Tuanze na Chole kuona popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana kutwa. Tuende Juani kwenye magofu ya Kua, mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Tulale Jibondo, kwa mafundi wa majahazi. Kisha tuzunguke kupitia Bwejuu hadi Kilindoni kumwona papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye hana habari na nyama ya mtu. Yeye anachuja vijidudu vya baharini tu.

Tarehe tukaweka Juni, kwa sababu wawili wetu ni walimu na huo ni mwezi wa likizo. Kwenye bajeti, fundi simu akadai spika kubwa iwe namba moja. Nikaiandika.

Dada mmoja kati yetu ana mjomba aliyezaliwa Jibondo, nahodha wa siku nyingi ambaye magoti yamemlazimisha kukaa nchi kavu. Tukaenda kumwamkia. Baada ya shikamoo na marahaba, nikamsomea mpango wangu kwa mbwembwe zote. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Juni mnafuata nini huko, wanangu? Juni ni kusi. Mnataka kuelekea Jibondo na upepo unawajia usoni. Mtapiga bisho mpaka mtapike. Na huyo papa wenu mumngoje kuanzia Oktoba."

Akatufundisha mambo ambayo sikuyasikia shuleni. Kwanza upepo, ndipo kalenda: twende mwishoni mwa Desemba, kaskazi ikiwa imeingia. Pili, maji. Kila siku yanajaa kama dakika 50 baada ya saa ya jana, na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yanatoka mpaka sehemu kubwa ya ghuba ya Chole inabaki mchanga. Ukikosea saa, mashua inalala na wewe unalala nayo. Tatu, tusikilize utabiri wa hali ya hewa kila asubuhi, maana kimbunga Hidaya kilipoipiga Mafia Mei 2024 hakikumwuliza mtu ratiba yake. Nne, siku ya sita tuiache tupu, kwa sababu kutoka Bwejuu kurudi Kilindoni kaskazi itakuwa mbele yetu.

"Sasa," akasema, "nani anajua kuogelea?"

Kimya. Mpwa wake peke yake ndiye aliyenyoosha mkono. Na mimi nikanyoosha wangu, nusu.

Mzee akanitazama. "Wewe mwanangu, unaogelea au unaoga?"

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu ni huu: nikiwa na miaka tisa, maji ya Kigamboni yalinichukua, nikavutwa nje na mvuvi aliyenishika nywele. Tangu siku hiyo naenda ufukweni na jinzi na viatu, nikiulizwa nasema nina mafua. Na bado nilikuwa nimeshika fedha za watu ili niwapeleke katikati ya bahari.

Nyumbani mama hakupiga kelele. Alitaja tu: MV Bukoba 1996, Spice Islander 2011.

"Mama, zile zilijaza watu kupita kiasi. Sisi hatufiki hata kumi."

"Sawa baba. Na siku ya siku, wewe utashika nini?"

Sikuwa na jibu.

Jumamosi iliyofuata nikaitisha kikao. Nikasema safari ni Desemba, spika inatoka, maboya ya kuvaa yanaingia, na asiyejua kuogelea aanze kujifunza, nikiwemo mimi. Kisha nikawasimulia ya Kigamboni. Fundi simu akasema nimeigeuza starehe kuwa msiba, akadai chake. Nikampa usiku uleule, Sh 250,000 kamili, bila maneno. Tukabaki watano, tukaongeza Sh 50,000 kila mmoja kuziba pengo. Sasa bajeti yangu inasomeka kiutu uzima: maboya saba, yetu matano na mawili ya mabaharia. Maji ya kunywa lita nne kwa mtu kwa siku, watu saba, siku saba: lita 196, yaani madumu kumi ya lita 20. Wali na dagaa tutajipikia.

Na kila Jumapili, maji yakiwa yamejaa, tuko Coco Beach. Mwalimu wetu ni yule dada. Somo la kwanza lilikuwa kulala chali na kuacha bahari ikubebe. Lilinichukua Jumapili tatu. Siku niliyoelea, masikio yakiwa ndani ya maji, nikasikia moyo wangu mwenyewe ukipiga polepole. Nilitaka kulia, nikajisingizia chumvi.

Jumapili iliyopita nilipotoka majini nikamkuta fundi simu amesimama mchangani, suruali kaikunja mpaka magotini, viatu mkononi. Habari ya safari hakuigusa. Akauliza tu kwa sauti ya chini:

"Hivi, yale maji yanaingia masikioni?"

Nikamwambia yanaingia, aje hivyohivyo.