Konekta Iliyonifunga Mdomo

Nilipopata leseni ya redio ya ridhaa, miaka ya tisini, hapa Tanga konekta hazikununuliwa. Zilirithiwa. Mwalimu wangu, mzee aliyestaafu ufundi wa redio za meli, alikuwa na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa konekta za PL-259 alizozifungua kwenye mitambo iliyokwisha kazi. Zilikuwa nyeusi kama masizi, nami niliona haya kuzifunga kwenye redio yangu. Mzee akakwangua moja kwa kisu, ikameta.

"Mwanangu, hii ni fedha. Fedha hupiga weusi kwa nje, lakini risasi inaipenda."

Tukazilehemu kwenye kebo ya RG-213, akazizungushia tepu ya mpira tabaka tatu, tukapandisha. Miaka ikapita nikizungumza na watu wa mbali kwenye bendi ya mita 40, wala sikuzikumbuka konekta zile. Konekta njema haina habari.

Mzee alifariki, na mkebe ukaisha. Wakati huo maduka ya Kariakoo yalikuwa yamejaa konekta mpya zinazong'aa kama vijiko vya harusi, na bei yake ilinifurahisha. Nikanunua kumi. Taabu ilianzia mezani. Ganda lilikuwa la nikeli, na risasi ikateleza juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Nikazidisha moto, plastiki ya ndani ikalegea, ncha ya kati ikalala upande. Niliharibu tatu. Zilizobaki nikazilehemu juujuu, na kwa kuwa zilikuwa mpya nikaona hazina haja ya tepu.

Masika yakaja. Nikawa naita, siitikiwi. Kipimo cha SWR kilionyesha 1.2, kama antena yenye afya, kwa hiyo kwa majuma kadhaa nikalaumu hali ya anga. Siku nilipoteremsha kebo na kuichana, suka ya shaba ilikuwa imeoza na kuwa nyeusi kwa urefu wa zaidi ya mita moja. Maji ya mvua na chumvi ya bahari yalikuwa yameingilia kwenye konekta na kutambaa ndani. Kebo iliyokunywa maji humeza nguvu inayokwenda kwenye antena, kisha humeza na ile inayorudi. Kipimo kilichoko chini, karibu na redio, huona kinachorudi ni kidogo, kikasema mambo ni mazuri. Nilitupa kebo nzima kwa ajili ya vipande vya chuma vilivyotosha kiganjani. Rahisi ghali.

Tangu siku hiyo nimebadili namna ya kununua. Naanza na plastiki ya kati. Natafuta ya Tefloni, kwani haiyeyuki mpaka nyuzi 327 za Selsiasi, ilhali risasi ya kawaida huyeyuka kwenye 183 au zaidi kidogo. Weupe wa plastiki peke yake si ushahidi kuwa ni Tefloni, kwa hiyo nanunua moja na kuigusa kwa chuma cha moto kabla sijanunua nyingine. Ganda la fedha ndilo bora; likiwa la nikeli, nalikwangua kwa tupa kuzunguka matundu mpaka shaba ionekane. Naangalia na unene wa kebo: RG-213, yenye milimita 10.3, huingia yenyewe, lakini RG-58 ya milimita 5 hudai kipunguzio chake. Na tepu siiachi tena, maana PL-259 haizuii maji hata ikiwa ya bei ya juu.

Jambo la mwisho nililojifunza ni kutotumia pesa pasipo haja. PL-259 na jeki yake ni za aina inayoitwa UHF, na jina hilo limepotosha wengi. Zilibuniwa miaka ya 1930 na E. Clark Quackenbush wa Amphenol, wakati masafa yaliyopita megahezi 30 yalihesabiwa kuwa ya juu kabisa. Hazishiki omu 50 sawasawa, ila kwenye mita 40 au 20 kasoro hiyo haionekani, na kwenye mita 2 inavumilika. Nikipanda mpaka megahezi 430 ndipo natoa pesa ya konekta ya N, iliyobuniwa na Paul Neill wa Bell Labs miaka ya 1940. Hiyo inashika omu 50, na ndani ina pete ya mpira ya kuzuia maji.

Majuzi nimeteremsha antena ya zamani na kufungua konekta moja ya mkebe wa mzee. Chini ya tepu ilikuwa kavu, na risasi haijalegea. Nimeirudisha juu.

Nawe kijana unayeanza, usiione bei ukakimbilia kumi. Nunua moja, iguse kwa moto, ilehemu, ivute kwa mkono. Ikistahimili, rudi dukani.