Kijiti cha Kupimia

Watu husifu gari kwa mwendo wake na kwa mng'aro wa rangi yake. Ni wachache wayakumbukao mafuta yaliyojificha ndani ya giaboksi. Mimi huyaheshimu, kwa sababu nimeona jinsi upungufu wake ulivyokaribia kutikisa nyumba nzima.

Mjomba wangu alikuwa na gari la gia za otomatiki, alilochukulia mboga kutoka Naivasha kwenda Limuru. Karo ya watoto wake watatu ilitoka katika gari hilo. Mwaka 2016 lilianza kulegea katika mlima wa Mai Mahiu: injini yanguruma, magurudumu hayana nguvu. Fundi mmoja, pasipo kufungua hata boneti, alihukumu kwamba giaboksi imekufa na sharti inunuliwe nyingine. Bei aliyoitaja ilikuwa sawa na karo ya mwaka mzima. Mjomba alinyamaza kitambo, kisha akaniambia, "Mpwa wangu, hakimu mwema husikiliza shahidi kabla ya kukata hukumu."

Shahidi alikuwa kijiti cha kupimia mafuta. Kitabu cha gari lile kiliagiza mafuta yapimwe yakiwa moto, injini ikiwaka. Basi baada ya safari tulilisimamisha mahali tambarare, tukavuta breki ya mkono. Mjomba, mguu wake ukikanyaga breki, aliupitisha mkono wa gia polepole katika kila nafasi, akaurudisha kwenye P. Nikachomoa kijiti, nikakipangusa kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, nikakirudisha mpaka mwisho, nikakichomoa tena. Mafuta hayakufika hata alama ya chini. Lakini yalikuwa mekundu bado, wala hayakunuka. Kama yangalikuwa meusi yenye harufu ya kuungua, maneno ya fundi yangalikuwa na uzito. Kama yangalifanana na maziwa, tungalijua kwamba maji yameingia.

Katika giaboksi ya namna hii mafuta si ya kulainisha tu. Ndiyo yapokeayo nguvu ya injini, na msukumo wake ndio ubanao klachi zilizo ndani. Yakipungua, pampu hunyonya hewa, klachi huteleza, na joto hupanda.

Tulinunua mafuta ya aina ileile iliyotajwa kitabuni, tukayatia kwa faneli ya shingo ndefu katika tundu la kijiti, kidogo kidogo, tukipima kila mara. Hatukupita alama ya juu, maana yakizidi huumuka povu, na povu halina nguvu. Kisha tulitafuta yalikovujia, kwa kuwa kuongeza bila kuziba ni kuteka maji kwa pakacha. Fundi mwingine alibadilisha gasketi iliyochakaa kwa fedha kidogo. Gari likapanda mlima, na watoto wakabaki shuleni.

Msomaji kijana, magari hayafanani. Mengine hupimwa injini ikiwa imezimwa, na mengi ya siku hizi hayana kijiti, hupimwa kwa kufungua kizibo chini ya gari. Kwa hiyo soma kitabu chake kwanza. Yule fundi wa kwanza pengine hakuwa mwongo. Alikuwa na haraka tu. Lakini haraka ya mtu mmoja yaweza kuwa hasara ya jamaa nzima, na dawa yake ni kupima kabla ya kusadiki.