Asiyekuwa Mwanafunzi Ajifunze Wapi Kuigiza?

Aprili 2024 mji wa Embu ulijaa mabasi ya shule. Tamasha la kitaifa la drama na filamu, lililoanza mwaka 1959, lilikuwa limefika kwetu, na wanafunzi kutoka kila pembe ya Kenya wakapanda jukwaani kughani, kucheza densi na kuigiza michezo iliyotungwa kwa ajili ya msimu huo. Wenyeji walitazama, wakapiga makofi, wakajivunia. Kisha mabasi yakaondoka, na sanaa ikaondoka nayo.

Mimi naishi Minnesota, Marekani, katika kitongoji cha Brooklyn Park, pembeni mwa Minneapolis, ambako Wakenya tumejaa. Nililelewa Meru, na kwa kina mama ni Embu, kwa hiyo barabara ile inayopanda na kushuka kupitia Nkubu, Chuka na Runyenjes naijua kona kwa kona. Nataka kulinganisha jambo moja tu. Mtu wa kawaida, awe mtoto wa miaka saba au nyanya wa miaka sabini, akitaka kujifunza kuigiza, kuchora au kufinyanga, anakwenda wapi?

Hapa jibu huja lenyewe mlangoni. Kila msimu, wanaosimamia shule za umma za mtaa hutoa kijitabu cha masomo ya jioni. Ndani yake utakuta kuogelea, upishi, lugha, uchoraji wa rangi za maji, uigizaji wa watoto, uigizaji wa watu wazima. Madarasa hufanyika jioni au Jumamosi, katika majengo yale yale ambamo watoto husoma mchana. Anayetaka ufinyanzi wa dhati huenda Northern Clay Center, mjini Minneapolis, ambako watoto na wazazi wao hukanda udongo, hujifunza kuutuliza juu ya gurudumu linalozunguka, kisha huchomewa kazi zao kwenye tanuri. Mtoto anayependa jukwaa ana Children's Theatre Company, iliyoanzishwa 1965 na kupewa tuzo ya maigizo ya Tony mwaka 2003. Hiyo iko katika jengo moja na makumbusho ya sanaa ya mji, ambayo kuingia ni bure.

Majira ya baridi nilijiunga na darasa la uigizaji la watu wazima. Tulikuwamo wauguzi, dereva wa basi la shule, mama mmoja mstaafu aliyefiwa na mumewe, na vijana waliotaka tu kuacha kuogopa kusema mbele za watu. Mwalimu hakuuliza nani ana kipaji. Alituanzisha na pumzi: simama, legeza mabega, vuta hewa ishuke hadi tumboni, toa sauti ifike ukuta wa nyuma bila kupiga kelele. Halafu akatufundisha kusikiliza, kwa sababu mwigizaji anayengojea tu zamu yake ya kusema hamsikii mwenzake, na mtazamaji huling'amua hilo papo hapo. Baadaye tukapewa vipande vifupi vya watu wawili wawili. Yule mama mstaafu, ambaye mwanzoni sauti yake haikusikika hata safu ya kwanza, alicheza sehemu ya mama anayemfukuza mwanawe nyumbani, na chumba kizima kikanyamaza. Siku ya mwisho tulionyeshana wenyewe kwa wenyewe, mbele ya jamaa wachache. Hapakuwa na mwamuzi wala kombe.

Nilimsimulia dada yangu mkubwa kwa simu. Akaniuliza, "Na mwisho mtapewa cheti?" Nikamwambia hapana. "Sasa mdogo wangu, unajichosha kwa nini na una kazi ya usiku?"

Simlaumu dada. Nyumbani tumelelewa hivyo. Sanaa kwetu ni ya mwanafunzi, na mwanafunzi huifanya ili ashinde. Kuanzia Januari shule humwita mkufunzi wa drama, mara nyingi kijana ambaye naye aling'ara jukwaani akiwa sekondari. Hufanya mazoezi na wanafunzi hadi giza linapoingia. Wengi hujitokeza, wachache hubaki. Kikundi hupanda ngazi: kaunti ndogo, kaunti, eneo, taifa. Wanaoshinda huwahi hata kuigiza mbele ya Rais. Wanaochujwa hurudi darasani, na kwa wengi huo ndio mwisho wa kupanda jukwaani maishani mwao. Hata aliyeshinda, akishamaliza masomo, hufungiwa mlango. Nawajua watu wa Meru ambao wakiwa na miaka kumi na saba walitoa watu machozi kwa shairi, na leo wana duka, wana shamba la miraa, wana wajukuu, na hawajawahi tena kupata mahali pa kusimama na kughani.

Watu wazima huletewa maigizo pale tu panapokuwa na ujumbe. Zile enzi za kampeni za Ukimwi, vikundi vilizunguka sokoni vikiigiza kuhusu kupimwa na kinga. Siku nyingine ni malaria, siku nyingine ni upigaji kura. Kazi hiyo ilikuwa na manufaa yake, sibishi. Lakini mfadhili akiondoka, na kikundi huvunjika. Makanisa yamejitahidi zaidi, maana vijana wake huigiza Krismasi na Pasaka mwaka hata mwaka bila kulipwa na mtu. Pia kuna vikundi vinavyozunguka shuleni kuigiza vitabu vya mtihani. Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, jirani yetu kabisa, aliandika tamthilia ya Kifo Kisimani, na wanafunzi wengi wa Kenya waliisoma kwa ajili ya mtihani wa KCSE. Tuliisoma tukipigia mistari majibu. Tamthilia huandikwa iigizwe, na ningependa kuona siku moja wakulima wa Chuka na Igoji wakiiigiza wao wenyewe, kwa hiari, bila mtihani mbele yao.

Pengo hili limenikaa rohoni kwa sababu ya kisa kimoja cha huku. Mwaka 1976 Lou Bellamy alianzisha kikundi cha maigizo kiitwacho Penumbra, mjini St. Paul, ndani ya kituo cha kijamii cha Hallie Q. Brown kinachowahudumia watu weusi wa mji huo. Miaka miwili baadaye alihamia St. Paul mshairi mmoja kutoka Pittsburgh, August Wilson. Alikuwa ameacha shule akiwa kijana mdogo na akajisomesha katika maktaba ya umma. Penumbra ndiyo iliyompa jukwaa lake la kwanza la kitaalamu. Wilson alikuja kupata Tuzo ya Pulitzer mara mbili, 1987 na 1990. Sasa mweke kijana huyo Embu. Hana shule, kwa hiyo hana mkufunzi wala tamasha. Angeonyesha wapi?

Wala tusiseme darasa la sanaa la watu wazima ni mambo ya wazungu. Kamirithu, Limuru, wanakijiji walianza kwa masomo ya kusoma na kuandika ya watu wazima, wakaendelea hadi wakajijengea jukwaa lao la wazi na kuigiza Ngaahika Ndeenda mwaka 1977, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Vibarua na wafanyakazi wa viwandani walishika sehemu zao, wakirekebisha hata maneno ya waandishi. Serikali ikaupiga marufuku baada ya wiki chache, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huo, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Naamini woga ulioingia wakati ule haujatutoka. Aprili 2025 tuliona wasichana wa shule ya Butere wakifika kwenye tamasha la kitaifa Nakuru na mchezo wao wa Echoes of War na mabomu ya machozi yakirushwa, ingawa Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza.

Lakini hapo hapo ndipo ninapoona nyumbani tunavyowapita wenzetu. Hakuna anayeogopa mchezo wa watoto huku Minnesota, na sababu moja ni kwamba watoto huku mara nyingi hupewa mchezo uliokwisha kuandikwa na watu wa mbali, wakaukariri. Kwetu mchezo hutungwa upya na huzungumzia ardhi, karo, polisi, mahari. Mtoto wa shule ya msingi huko Mbeere anajua kughani akiwa mmoja kati ya sauti arobaini, mwili na neno vikienda pamoja. Wapiga ngoma wa Chuka huchezesha mwili wote huku ngoma imeshikwa katikati ya miguu. Darasa la uigizaji la Minneapolis lingetumia msimu mzima kujaribu kuwafikia. Na masomo ya huku hulipiwa. Kuna nafuu kwa wasiojiweza, lakini mama anayefanya zamu mbili hana saa ya kumpeleka mtoto.

Kwa hiyo vipaji tunavyo na utunzi tunao. Huku wanatuzidi kwa mlango ulio wazi na fedha za uhakika. Mwaka 2008 wapiga kura wa Minnesota walibadilisha katiba ya jimbo lao na kujiongezea kodi ya mauzo kwa sehemu tatu za nane za asilimia moja, kwa miaka 25, hadi 2034. Fedha hizo nyingi huenda kwa maji, misitu na mbuga, na asilimia 19.75 huenda kwa sanaa na urithi wa utamaduni. Nikinunua bidhaa inayotozwa kodi hiyo najua senti kidogo imekwenda kumlipa mwalimu wa uchoraji mahali fulani.

Sisi nasi tuna katiba. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti maktaba, makumbusho, vifaa vya utamaduni na vyuo vya ufundi vya vijijini. Meru ina maktaba ya umma, Embu inayo. Meru ina makumbusho katikati ya mji, katika jengo la zamani la utawala wa kikoloni. Vyuo vya ufundi vina meza, taa na vyoo, na Jumamosi nzima hufungwa. Wachoraji wa mabango ya maduka wanaweza kumfundisha mtoto kuchanganya rangi na kushika brashi. Wakufunzi wa drama hukaa bila kazi tamasha likishapita. Tangu Januari 2026 wanafunzi wa Gredi ya 10 wanaweza kuchagua mkondo wa sanaa na michezo, wenye maigizo na filamu na sanaa za uchoraji; wazazi wengi bado wanauogopa, na sishangai, maana hawajawahi kuigusa sanaa tangu walipoacha shule. Mzazi aliyefinyanga chungu chake mwenyewe hatauona mkondo huo kuwa wa walioshindwa.

Nawaandikia viongozi wa kaunti zote mbili kupitia maandishi haya. Tengeni chumba kimoja Meru na kimoja Embu, Jumamosi asubuhi kwa watoto na alasiri kwa watu wazima, mlipe wakufunzi wawili mwaka mzima, na msiweke shindano. Nanyi wenzangu wa ughaibuni, tunachangishana kwa mazishi na karo, na tunafanya vyema. Safari hii tuchange pia rangi, karatasi, udongo na mshahara wa mkufunzi. Na wewe mwalimu uliye na ufunguo wa ukumbi wa shule, usingoje kaunti wala sisi. Tangaza kanisani na sokoni kwamba Jumamosi ijayo utafungua.