Nguvu ya Maji na Maarifa ya Mikono

Maji hufuata mkondo, walinena wahenga, na mwenye kuyatumia hana budi kuujua mkondo huo. Siku hizi, hata hivyo, imeingia majumbani mwetu mashine isiyongoja maji yafuate mkondo wake. Inayabana, inayasukuma na kuyarusha kwa kasi ya ajabu hadi yakwangue taka zilizogandamana kwa miaka. Tulizoea kuiona kando ya barabara za miji yetu, mikononi mwa vijana waosha magari. Sasa imevuka lango na kuingia uani, ambako inaosha sakafu za saruji, mazizi, mapipa na wilbaro. Katika insha hii nakusudia kueleza namna mashine hii ilivyoingia katika boma letu, kazi iliyoifanya, na ile iliyokataa kufanyika kwa nguvu peke yake. Lengo langu si kuisifu wala kuikashifu. Nina swali moja tu: kazi ya mikono inapokabidhiwa mashine, maarifa ya mikono hiyo huenda wapi?

Tuanze na jina, kwa kuwa sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuwezi kulipita jina bila kulisalimu. Watu wengi huiita mashine ya kuoshea magari hata pale inapoosha sakafu, na wengine huiita mashine ya presha. Mwandishi wa kitabu cha fizikia angependelea neno kanieneo, yaani kani inayogandamiza eneo fulani. Daktari naye hutwambia shinikizo la damu. Maneno yote haya yana kazi yake. Shinikizo lina ladha ya kumlazimisha mtu. Kanieneo linatufichulia siri ya chombo chenyewe, kwamba nguvu ileile ikielekezwa mahali padogo huwa kali zaidi, kama vile kisu kikali na kisu butu vinavyosukumwa na mkono mmoja lakini vikatofautiana kwa upana wa makali. Presha nalo limekwisha kupata uraia katika vinywa vya watumiaji, na sioni sababu ya kulifukuza. Humu nitasema mashine ya presha.

Utendaji wake si mgumu kueleweka. Mota ya umeme au injini ya petroli huendesha pampu. Pampu huyapokea maji ya bomba au ya tangi na kuyasukuma ndani ya mpira mgumu hadi kwenye bunduki yenye kifyatulio, na mwishoni mwa bunduki hiyo pana ncha yenye tundu dogo mno, lenye upana wa takribani milimita moja. Shinikizo hupimwa kwa bari. Kila mita 10 za kimo cha maji huzaa takribani bari moja, hivyo basi tangi lililowekwa juu ya mnara wa mita 6 hutupa bari 0.6 tu kwenye bomba la uani. Mashine nyingi za nyumbani hufikisha bari 100 hadi 150. Ili tupate bari 120 kwa tangi peke yake, ingetubidi tulipandishe mita 1,200 angani. Jumba la KICC jijini Nairobi lina kimo cha mita 105. Tungehitaji majumba zaidi ya kumi na moja ya aina hiyo yaliyobebana. Maji yanapotoka katika kitundu kile huwa na kasi ipatayo kilomita 500 kwa saa. Kampuni ya Kärcher ya Ujerumani ilitoa mashine ya aina hii yenye kutumia maji moto mwaka 1950, na kwa miaka mingi ilibaki kuwa chombo cha viwanda na gereji. Kilichobadilika ni kwamba leo familia ya kawaida inaweza kununua iliyo ndogo.

Nyumbani kwetu, katika Kaunti ya Murang'a, pana ua wa saruji unaotoka mlango wa jikoni hadi zizi la ng'ombe wa maziwa. Ua huo ulimiminwa mwaka 1986. Wakati wa masika, upande usiopata jua huota ukoga wa kijani unaoteleza. Wakati wa kiangazi, samadi na matope hukauka na kushika kama gundi. Tangu nikiwa msichana mdogo, kazi ya Jumamosi asubuhi ilikuwa moja: mimi na dada zangu tulijifunga leso, tukapiga magoti, tukasugua kwa burashi ngumu. Mama alitangulia na karai la maji ya sabuni, akituonyesha pa kukaza mkono na pa kuulegeza. Ndugu zetu wa kiume hawakuguswa na kazi hiyo. Hawakuikataa, hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba inawahusu.

Basi mashine ilipoingia bomani, cha kwanza kubadilika hakikuwa sakafu bali mwenye kazi. Baba aliinunua kwa fedha za maziwa mwaka 2022, akamkabidhi kaka yangu bila kusita. Kazi iliyokuwa ya magoti na ya wanawake ikageuka, asubuhi moja, kuwa ya kusimama, ya kelele na ya wanaume, kwa kuwa sasa ilikuwa na mota. Nilisimama mlangoni nikitazama, nikaikumbuka mijadala yetu ya darasani kuhusu uhakiki wa kifeministi. Tumezoea kusema kwamba kazi hupata heshima kulingana na anayeifanya. Pale uani niliona kwamba kazi hupata pia mwenyewe kulingana na chombo kinachotumika.

Kaka alianza kwa ari. Alichagua ncha kali kuliko zote, ile nyekundu ya nyuzi sifuri inayotoa mstari mmoja wa maji, akaikaribisha sakafuni kiasi cha upana wa kiganja. Ukoga uliruka, naam, lakini nyuma yake ukabaki mfereji mweupe wenye chembe za mchanga zilizochomoza. Jambo hili lina sababu yake. Sakafu inapomiminwa, maji hupanda juu yakibeba unga laini wa saruji, na ngozi ya juu huwa dhaifu kuliko kiini, hasa fundi akizidisha maji katika mchanganyiko au mvua ikinyesha kabla haijashika. Ngozi hiyo ikibanduliwa hairudi. Panabaki vitundu ambavyo hunywa maji, hushika uchafu na kuotesha ukoga haraka kuliko hapo awali. Aoshaye kwa pupa hujiongezea kazi ya mwakani.

Ndipo Mama alipotoka jikoni. Hakupaza sauti. "Mwanangu, zima kwanza," alisema, akangoja mpaka kelele ikatulia. Kisha akamtembeza kaka uani hatua kwa hatua. Hapa, alimwambia, fundi alimimina jioni ya mvua, nyanya yenu ndiye aliyenieleza, na pamekuwa laini tangu siku hiyo. Pale pana kiraka tulichotia wakati wa yule ng'ombe mweusi. Kule karibu na mfereji pako imara, unaweza kukaza. Maarifa haya hayakuandikwa popote. Mama aliyapata kwa magoti na viganja vyake katika muda wa zaidi ya miaka thelathini, na mengine aliyarithi kwa mama mkwe wake aliyeusugua ua huo kabla yake. Mwishowe akasimama kwenye kona ya zizi, mahali palipofunikwa na ukoga mzito, akasema: "Na hapa usilete mashine kabisa."

Chini ya ukoga ule pana herufi tano zilizochorwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Ni jina la nyanya. Kampeni ya taifa ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ilipozinduliwa mwaka 1979, yeye alikuwa miongoni mwa akina mama waliojiunga na masomo ya ngumbaru, akawa anakwenda darasani alasiri baada ya kutoka shambani. Fundi alipomaliza kuulainisha ua, nyanya aliomba msumari akaandika jina lake bila kusaidiwa na mtu. Herufi ya tatu imeinama, na ya mwisho ni kubwa kuliko nyingine zote. Alituacha mwaka 2009. Hakuacha barua wala daftari, na katika hati chache za zamani zilizohifadhiwa na Baba, mahali pa sahihi yake pana alama ya kidole gumba. Herufi zile tano ndizo maandishi pekee ya mkono wake tuliyo nayo, na kina chake hakizidi milimita tatu.

Mimi nasomea fasihi. Nimefundishwa kuiheshimu miswada ya kale ya pwani yetu, ile iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu na kupokezwa kizazi hadi kizazi. Siku hiyo nilitambua kwamba bomani kwetu nako kuna mswada, umeandikwa juu ya saruji, na mhifadhi wake ni Mama mwenye burashi. Kwa dakika chache tu, maji ya bari 120 yangeweza kufuta kile ambacho mvua za miaka thelathini na sita hazikukifuta.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kwa utaratibu, na utaratibu huo nauweka hapa kwa faida ya msomaji. Kwanza, fagia, matope makavu na mawe madogo yaondolewe kwa fagio, kwa kuwa maji huyarusha kama risasi. Pili, lowesha sakafu na upake sabuni, uiache dakika chache ifanye kazi yake bila kukauka. Tatu, tumia ncha pana, ya nyuzi 25 au 40, uishike umbali wa takribani sentimita 30, nawe usiache kuisogeza. Nguvu ya maji hupungua upesi kadiri yanavyosafiri hewani, kwa hiyo umbali ndio kipimo halisi cha nguvu kilicho mikononi mwa mwoshaji. Nne, anzia juu ya mteremko uteremke kuelekea mfereji. Doa la mafuta ya injini halitaki hasira. Linyunyizie vumbi la mbao au majivu linyonywe kwanza, ndipo ulioshe kwa sabuni. Ama ile kona ya zizi, tuliiosha kwa maji ya ndoo, burashi laini na kijiti cha mti, herufi moja baada ya nyingine.

Vyombo navyo vina adabu zake. Jembe, koleo na karai la wilbaro huvumilia maji makali. Gurudumu la wilbaro, hata hivyo, lina grisi inayolainisha mzunguko wake, na maji yenye presha huisukuma grisi hiyo nje, yakaacha kutu mahali pake. Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe ina mota ya umeme isiyostahili kuguswa na tone la maji hayo. Mikebe ya maziwa isikaribie kabisa: presha huinua ukungu wa matone yenye samadi kutoka sakafuni na kuutawanya juu ya kila kilicho jirani. Mikebe huoshwa kando, kwa mkono, kwa maji moto na sabuni, kisha hupinduliwa juani.

Aidha, hatari kwa binadamu si ndogo. Maji haya yanaweza kutoboa ngozi na kupenya ndani ya nyama, yakaacha kidonda kidogo kinachodanganya macho ilhali ndani pameharibika; aliyepatwa na jambo hilo apelekwe hospitalini mara moja hata kama haumwi sana. Buti na miwani ya kukinga macho si mapambo. Mashine ya petroli isiwashwe ndani ya zizi lililofungwa, kwa sababu moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu. Ile ya umeme isiunganishwe kwa waya uliochubuka unaolala majini.

Kuna pia suala la maji yenyewe. Mashine yetu hutumia lita 7 kwa dakika. Kwa dakika 40 za kufyatua hutumia lita 280, yaani mitungi 14 ya lita 20. Mpira wa kawaida ulioachwa wazi hutumia zaidi ya hizo kwa muda uleule. Hapa mashine inastahili sifa. Lakini maji hayo, pamoja na sabuni na samadi, lazima yaende mahali, na bondeni kwetu kuna mto ambao watu huuteka. Kanuni za ubora wa maji zinakataza kuuchafua. Ndiyo maana tumechimba mfereji unaoyapeleka kwenye migomba.

Nirejee kwenye swali langu. Maarifa ya mikono hayaendi popote kwa hiari yake. Hubaki na wenyewe, na wenyewe wasipoulizwa huzeeka nayo. Mashine ilimpa kaka nguvu, lakini ramani ya ua ilikuwa kwa Mama. Leo bunduki ile hushikwa na yeyote aliye nyumbani Jumamosi, binti kwa mvulana, na anayeishika kwa mara ya kwanza hutembezwa kwanza uani. Mama ameacha kupiga magoti, jambo ambalo magoti yake yalilihitaji siku nyingi, hajaacha kusikilizwa.

Wanachama wenzangu, tumezoea kwenda mbali kutafuta mada za tasnifu. Hapana ubaya. Hata hivyo, nawasihi mtakaporudi makwenu likizoni mwende pia na daftari. Waulizeni wanaosugua, wanaokamua na wanaomimina saruji: kila kitu wanakiitaje, wanakipimaje, wanajuaje pa kukaza na pa kulegeza. Istilahi tunazozihangaikia huenda baadhi yake zinatungoja jikoni. Mimi nimekwisha kuandika kurasa kumi na mbili kutoka kwa Mama, na bado hatujamaliza sakafu.