Mvushaji wa Mwisho wa Hori la Dubai

Kwa vizazi vingi, aliyetaka kulivuka hori la Dubai, ule mkono wa bahari unaoitenga Deira na Bur Dubai, aliingia katika abra, mashua ndogo ya mbao, akavushwa kwa makasia. Jina la mashua hiyo linatokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliokipa Kiswahili neno abiria. Mwaka 1963 lilifunguliwa daraja la Al Maktoum, mwaka 1975 ikafuata njia ya chini ya maji ya Shindagha, na abra zilizobaki zikatiwa injini. Makasia yakakosa kazi.

Mwaka 1999 Nujoom Alghanem alitoa filamu fupi juu ya mpiga makasia wa mwisho wa hori hilo. Kwa Kiswahili ingeitwa Baina ya Kingo Mbili. Alghanem alizaliwa Dubai mwaka 1962, miaka tisa kabla ya kuundwa kwa dola ya Umoja wa Falme za Kiarabu. Alikuwa mshairi na mwandishi wa habari kabla ya kuwa mwongozaji wa filamu, kazi aliyoisomea katika Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani, na kile cha Griffith, Australia.

Filamu alizotengeneza baadaye zimefuata mkondo wa ile ya mvushaji. Hamama (2010) yamhusu ajuza mganga wa Sharjah aliyepita umri wa miaka tisini. Nearby Sky (2014) yamfuata mwanamke anayeingiza ngamia wake katika mashindano ya urembo wa ngamia, uwanja uliokuwa wa wanaume. Honey, Rain and Dust (2016) yawahusu warina asali wa milima ya kaskazini, ambako mvua zimepungua na nyuki nao wamepungua. Sharp Tools (2017) yamhusu msanii Hassan Sharif, aliyefariki 2016. Watazamaji walipoiona, msemaji wake alikwishazikwa.

Kazi ya namna hii ni kongwe kama sinema yenyewe. Mwaka 1898, jijini Prague, Jan Kříženecký alipiga filamu za kwanza za Kicheki, zisizo na sauti, kwa kamera ya ndugu Lumière. Alikuwa mtumishi wa idara ya ujenzi ya jiji, na alikwishazoea kupiga picha za majengo yaliyongoja kubomolewa. Filamu zake ni vipande vifupi mno. Hata hivyo, hifadhi ya taifa ya filamu ya nchi yake ilivitunza, na mwaka 2019 ikavitoa upya kwa umma, miaka zaidi ya 120 tangu vilipopigwa.

Huenda mtu akasema kuwa Dubai ina uwezo wa kutunza urithi wake bila msaada wa mshairi mwenye kamera. Ni kweli kwamba mtaa wa Al Fahidi umekarabatiwa na makumbusho yamejengwa Shindagha. Lakini nyumba hukarabatiwa hata baada ya fundi wake kufa. Namna mzee anavyoyasoma maji kabla ya kulishusha kasia haina mchoro wa kurejea. Ama ishuhudiwe angali hai, au isiwepo. Nazo filamu zahitaji mahali pa kuonyeshwa: Tamasha la Filamu la Kimataifa la Dubai, lililozionyesha kadhaa za Alghanem, lilianza 2004 na halijafanyika tena tangu 2017.

Jambo hili halimhusu Mwarabu wa Ghuba peke yake. Zanzibar ilipoanzisha tamasha lake la filamu mwaka 1998, ililiita la Nchi za Majahazi, na Dubai ni mojawapo ya nchi hizo. Mapaa ya nyumba zake za kale yalibebwa na boriti za mikoko zilizosafirishwa kwa jahazi kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti hizo nje mwaka 1982. Kijana wa miaka ishirini aliyezipakia Lamu katika msimu wa mwisho sasa amepita sitini. Nahodha aliyempa amri, kama yu hai, ni mkongwe.

Wazee hao wanajua majina ya nyota, bei ya korija ya boriti, na nyimbo za kutweka tanga. Wengi wao hawajaulizwa. Alghanem alianza na mvushaji mmoja na hori ambalo mtu hulivuka kwa dakika chache. Hata Lamu, Pemba na Kilwa kazi hiyo yaweza kuanza kwa mzee mmoja, mradi ianze sasa.