Chokaa Hupakwa Penye Ufa: Siku Yangu Moja Slovakia na Kosa Nililomfanyia Mjomba

 

Baadhi yenu mliniuliza mbona Bibi Shamba amekuwa kimya. Nilikuwa safarini. Mwezi Septemba nilipata nafasi ya kwenda kwenye mafunzo mafupi ya wiki tatu katika mji wa Nitra, nchini Slovakia, katikati ya Ulaya. Ya darasani nitayaandika siku nyingine. Leo nataka kuwasimulia siku moja tu, Jumamosi, tulipopelekwa na basi kutembelea kasri na vijiji vya zamani. Usiseme haya mambo ya utalii yananihusu nini mimi mkulima. Nivumilie, maana mwishoni nitarudi kwenye hifadhi ya nafaka, na nitakiri kosa nililolifanya mwaka wangu wa kwanza kazini.

Safari inaanza

Tuliondoka saa mbili asubuhi. Kulikuwa na baridi, na mimi mtu wa Dodoma nilikuwa nimevaa masweta mawili. Barabara inafuata mto Nitra kwenda juu, na kwa muda mrefu unaona mashamba makubwa, tambarare. Nikaona mahindi yaliyokauka yakisubiri kuvunwa, na alizeti zimeinamisha vichwa vyeusi. Nilimwambia mwenzangu niliyekaa naye, "Haya ndiyo mazao ya kwetu." Akashangaa. Alidhani Afrika tunalima migomba tu.

Mwongozaji wetu alikuwa mama wa makamo, mchangamfu, anayeongea Kiingereza taratibu hata mimi na Kiingereza changu cha diploma nikawa namfuata vizuri. Kila tulipopita mahali alikuwa na la kusema.

Kasri la Bojnice

Kituo cha kwanza kilikuwa kasri la Bojnice. Limekaa juu ya mwamba, lina minara yenye paa zilizochongoka, kama picha za kwenye vitabu vya hadithi za watoto. Jina la kasri hili limo kwenye maandishi tangu mwaka 1113. Lakini sura unayoiona leo si ya kale hivyo. Tajiri mmoja wa ukoo wa Pálffy, aitwaye János, aliamua kulijenga upya kuanzia mwaka 1889, akitaka lifanane na makasri ya Ufaransa aliyoyapenda. Alifariki mwaka 1908, na kazi ikakamilika mwaka 1910. Hakukaa ndani ya ndoto yake hata siku moja ikiwa imekamilika.

Ndani huruhusiwi kutembea peke yako, mnaongozwa kwa kundi. Tulipita vyumba vyenye dari za dhahabu, michoro na viti ambavyo hakuna anayevikalia. Mwisho tukashuka hadi kwenye kaburi la huyo tajiri, kisha kwenye pango lililo chini ya kasri. Mwongozaji akatuambia kwamba mzee hakuwa na mtoto, alikuwa amekusanya vitu vya sanaa vingi, na alitaka watu waje kuviona. Alipofariki, warithi wakagombana, na vitu vingi vikauzwa. Hapo nikatabasamu peke yangu. Ugomvi wa mirathi kumbe hata kwenye makasri upo! Mkulima mwenzangu, kama hujaandika wosia wa shamba lako, fikiria hilo.

Nje ya kasri kuna mti mkubwa wa zamani sana. Mwongozaji akauonyesha akasema, "Lipa." Mimi nikashika mkoba haraka, nikidhani tunadaiwa kiingilio kingine. Kumbe kwa lugha yao mti huo ndio unaitwa lipa, na ndio mti wa taifa lao. Nilipowaeleza wenzangu maana yake kwa Kiswahili, basi zima walicheka, na hadi jioni waliniita Mama Lipa. Inasemekana mti huo ulipandwa mwaka 1301. Shina lake ni pana mno, na matawi yameegemezwa kwa nguzo yasivunjike. Nilisimama hapo kuliko nilivyosimama kwenye vyumba vya dhahabu. Sisi huku mti ukizeeka tunaona mkaa. Wao wameuwekea magongo kama babu.

Kijiji cha nyumba zilizochorwa

Kutoka Bojnice tuliendelea kupanda hadi karibu na chanzo cha ule mto Nitra, tukavuka mlima, tukateremkia kwenye kijiji kinachoitwa Čičmany. Hutamkwa kama "Chichmani".

Ndugu msomaji, sijawahi kuona kijiji kama kile. Nyumba zote za zamani ni za magogo, yamelazwa moja juu ya jingine, yamekuwa meusi kwa umri. Juu ya weusi huo kuna michoro myeupe: misalaba, mioyo, ndege, mistari ya kwenda na kurudi, majani. Imejaa ukutani kuanzia chini hadi karibu na paa. Inafanana kabisa na nakshi za nguo zao za asili walizokuwa wakizidarizi wanawake.

Nikadhani ni mambo ya kuvutia watalii. Nikamuuliza mwongozaji, "Waliamua lini kupamba hivi?" Akasema hawakuanza kwa kupamba. Ile nyeupe ni chokaa. Magogo yalipopasuka au kuanza kuharibika kwenye kona na kwenye maungio, watu walipaka chokaa pale palipokuwa na udhaifu ili mti usioze. Baadaye mkono ukaendelea. Ufa ukapata mstari, mstari ukapata ua. Chokaa ikififia, inapakwa tena.

Kama mtaalamu nikaelewa mara moja. Chokaa ni kali, ukungu na wadudu hawaipendi. Ndiyo maana hata sisi tunapaka mashina ya miembe na michungwa. Lakini kilichonigusa ni kingine, nilichokisikia tulipokuwa ndani ya moja ya nyumba hizo ambayo sasa ni makumbusho.

Pale tulielezwa maisha yao. Walikuwa wafugaji wa kondoo na wakulima wa mlimani, ardhi yao duni, baridi kali. Ukoo mzima uliishi kwenye nyumba moja, ndugu na wake zao na watoto, chini ya mzee mmoja msimamizi waliyemwita gazda. Nilijisikia nyumbani. Halafu mama yule akasema, mwaka 1921 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kijiji. Nyumba za magogo zikaungua. Serikali ikasaidia kujenga upya, na mchora ramani za majengo maarufu, Dušan Jurkovič, akahusika. Wakajenga tena kwa magogo, kwa sura ile ile, na chokaa ikapakwa tena. Mwaka 1977 kijiji kikawekwa chini ya hifadhi ya sheria, na michoro hiyo imewahi kufika hadi kwenye nguo za wanamichezo wao wa Olimpiki.

Nikajiuliza: kama mtaalamu aliyetumwa na serikali baada ya moto ule angekuwa mimi, ningewaambia nini? Najua jibu. Ningewaambia, "Haya magogo yenu ndiyo chanzo cha moto. Ni ya kizamani. Acheni, jengeni matofali." Na ningeondoka nikiwa nimejaza ripoti yangu vizuri.

Nalijua jibu kwa sababu nilishawahi kulitoa.

Vihenge vya Mjomba

Nilipoajiriwa nilipangiwa kata jirani na alikozaliwa mama yangu. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na vihenge vitatu vya fito na udongo, vimeinuliwa juu ya mawe. Kimoja cha mahindi, kimoja cha mtama, na kidogo kabisa, cha ndani karibu na jiko, alichohifadhia mbegu ya uwele aliyoirithi kwa mama yake.

Wakati huo dumuzi alikuwa ametusumbua sana. Mnamjua, wengine mnamwita Skania. Anatoboa mahindi na hata miti. Nilikuwa nimetoka chuoni na majibu yangu yote mkononi. Nikaitisha mkutano, nikasimama mbele ya watu nikasema vihenge ndiyo maficho ya dumuzi, vibomolewe, nafaka ipukuchuliwe, itiwe dawa, iwekwe kwenye magunia. Na nikamwomba Mjomba aanze yeye ili wengine waige. Alininyamazia kidogo, akasema, "Sawa mwanangu, wewe ndiye uliyesoma." Kesho yake akavibomoa vyote vitatu.

Kwa mahindi sikukosea. Kihenge cha fito zilizotobolewa na dumuzi ni hatari kweli. Lakini uwele si mahindi. Kile kihenge kidogo kilikuwa kinapata moshi wa jiko kila siku, na mbegu ilichanganywa na majivu. Dumuzi hakuwa tatizo lake. Sikuuliza. Mbegu ikahamia kwenye gunia, panya wakalitoboa, na zilizobaki zikapata unyevu. Msimu uliofuata Mjomba hakuwa na mbegu ya mama yake. Alipanda ya kununua, akavuna, maisha yakaendelea. Hakuwahi kunilaumu. Na mimi sikuwahi kumwomba radhi, maana kwenye ripoti ule ulikuwa ni ufanisi: kaya moja, vihenge vitatu vimeondolewa.

Nililikumbuka hilo nikiwa nimesimama kwenye baridi ya Čičmany, nikitazama ufa wa gogo uliopakwa chokaa.

Kurudi

Mchana tulikula chakula chao cha asili, vidonge vidogo vya viazi vilivyokunwa na unga, juu yake jibini ya maziwa ya kondoo. Kinashibisha kama ugali. Jioni tulipita Rajecká Lesná kuona kazi ya mchongaji Jozef Pekara, sanamu za mbao zinazoonyesha kuzaliwa kwa Yesu, urefu wake zaidi ya mita 8, na humo amechonga watu wa nchi yake wakifanya kazi zao za kila siku, wengi wakisogea kwa mitambo. Ni kazi nzuri sana, lakini nakiri akili yangu ilikuwa mbali.

Niliporudi nyumbani, Jumapili ya kwanza nilikwenda kwa Mjomba. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akazikuza, akatazama muda mrefu.

"Hii chokaa wanaipaka wapi?"

"Walianzia penye ufa, Mjomba."

Akanirudishia simu. "Na mimi vihenge vyangu vilikuwa na nyufa, mwanangu. Ungeniambia nizibe."

Nikamwomba radhi. Alisema yameshapita, akamwita shangazi alete chai. Lakini kabla sijaondoka aliniambia kuna bibi mmoja upande wa pili wa korongo ambaye miaka ya nyuma alimgawia ile mbegu. Tulikwenda pamoja. Bibi bado anayo, kidogo, kwenye kibuyu juu ya jiko. Ametupa vikombe viwili. Mjomba ameshaanza kufuma kihenge kidogo, na safari hii mimi ndiye ninayekanyaga udongo.

Mambo ya kuzingatia

1. Kabla hujaacha njia ya wazazi wako, uliza ilikuwa inazuia nini: panya, unyevu, wadudu, au moto? Kama njia mpya haizuii kitu hicho, usibomoe kwanza.

2. Usihifadhi mazao yote kwa njia moja. Mahindi na maharage yaliyokauka vizuri yanafaa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, mradi panya hawaifikii. Mbegu ya asili gawa sehemu mbili au tatu, na moja mpe jirani. Hilo ndilo lililotuokoa.

3. Kihenge cha zamani kikague kila mwaka kabla ya mavuno. Fagia mabaki yote, ziba nyufa kwa udongo, badilisha fito zilizotobolewa na uzichome moto.

4. Chokaa ni msaada wa bei nafuu kwa mashina ya miti ya matunda, mabanda ya kuku na kuta. Ukizima chokaa mbichi, mimina chokaa kidogo kidogo kwenye maji, usimimine maji kwenye chokaa, maana huchemka na kuruka. Vaa glovu, na linda macho.

5. Kwa maafisa ugani wenzangu: tukifika kwenye kaya, swali la kwanza liwe "kwa nini mnafanya hivi?" Ushauri uje baadaye.

Kama una mbegu ya zamani ya uwele, mtama au kunde nyumbani kwenu, niandikie unavyoihifadhi. Ningependa kujifunza kwako kabla sijakushauri chochote.

Tukutane makala ijayo. Kilimo chema.